Mifuko Arobaini Sebuleni

Saruji ilipoingia sebuleni kwetu, makochi yalihamia chumbani kwa mama mkwe. Televisheni ilipandishwa juu ya kabati la vyombo, meza ya chakula ikatolewa barazani, na wageni wakawa wanakaribishwa chini ya mwembe. Mifuko 40 ya kilo 50 ilipangwa kando ya ukuta wa nyuma, marundo manane ya mifuko mitano mitano, na watoto wakaonywa wasiisogelee hata mpira ukiangukia huko. Haikuwa mali yetu. Ilikuwa ya kaya 30 za mtaa wetu huku Chanika, Dar es Salaam. Kila kaya ilitoa shilingi 20,000, mfuko dukani ulikuwa shilingi 15,000, na mwenye duka alitusafirishia bure kwa kuwa mjukuu wake alikuwa miongoni mwa watoto tuliokuwa tukiwafundisha. Fedha yote iliishia kwenye saruji. Haikubaki hata ya turubai.

Hiyo ilikuwa Machi 2018. Kabla sijasimulia yaliyotupata, nieleze kwanza saruji ya shule ilifikaje ndani ya nyumba wanamolala watu saba.

Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo. Kituo nilichokuwa nikifundisha kilifungwa mwishoni mwa 2016, mwenyewe alipouza eneo, nikarudi nyumbani na boksi la chaki na kadi za herufi nilizozikata kwa mkono wangu. Januari iliyofuata binti yangu wa pili akaanza darasa la kwanza. Wiki nzima alirudi na sketi imejaa vumbi nyuma, maana walikuwa wanakaa sakafuni. Nikaenda kuona. Nilihesabu watoto 143 na mwalimu mmoja, mama wa makamo, sauti imemkauka, anaandika silabi ubaoni huku amempakata mtoto mwenye homa. Sikuwa na neno la kumlaumu yule mama, na mpaka leo sina. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ndio uliofuta ada na michango, na kuanzia Januari 2016 wazazi wakamiminika kuandikisha watoto. Naupenda waraka ule, nalisema bila kumung'unya maneno: kuna watoto mtaani kwetu ambao bila huo wasingeshika kalamu. Ila madarasa na walimu hawakuongezeka kwa kasi ya watoto. Kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi, na 25 katika darasa la awali. Pale palikuwa na madarasa matatu ndani ya chumba kimoja.

Jioni ile nilimkalisha binti yangu chini ya mwembe, nikaanza naye a, e, i, o, u. Kesho yake alikuja mtoto wa jirani. Baada ya wiki walikuwa sita. Mama mmoja anapita na ndoo ya maji kichwani, anasimama: "Mwalimu, na wangu nimlete?" Utasema hapana kwa lipi? Kufikia Agosti walikuwa 28, wengine wa miaka mitatu na minne ambao mama zao wanashinda sokoni, na hawa wakawa wanaletwa tangu asubuhi.

Nyumba ikaanza kuelemewa. Mama mkwe aliamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha jiko la mkaa kwa ajili ya uji wa karanga, na sufuria ya uji ikishuka ndipo chai ya mume wangu inapanda, kwa hiyo akawa anaondoka bila chai. Choo chetu kilikuwa cha tundu moja. Shule inatakiwa kuwa na tundu moja kwa kila wasichana 20 na moja kwa kila wavulana 25. Sisi tulikuwa na tundu hilo hilo kwa watoto 28 na wenye nyumba saba, na shimo likajaa kabla ya Desemba. Lilipokuja gari la kunyonya majitaka, mume wangu, ambaye ni seremala, alilipa kwa fedha ya utangulizi ya kitanda cha mteja, kisha akakitengeneza kitanda kile kwa mbao za kukopa.

Afisa wa ustawi wa jamii alipita akatueleza kwa upole kwamba kulea watoto wa watu mchana kunahitaji kituo kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na kwamba darasa la awali ni habari nyingine, liko chini ya wizara ya elimu. Mtaani vyote viwili tunaviita chekechea. Serikalini ni milango miwili, na kila mlango una fomu zake. Tukaanza na ule wa kwanza.

Januari 2018 wazazi wakaitana wenyewe. Hoja yao ilikuwa moja: watoto wanaondoka kwa mwalimu wanajua kusoma, wanakwenda kupotea kwenye umati. Kwa nini tusijenge shule yetu, ya ada ndogo, darasa la awali hadi la saba, hapo hapo kwenye kiwanja cha mwalimu? Kiwanja kipo, kando ya nyumba, kimepandwa mihogo tu. Walikuwepo waliotaka iwe Inglishi midiamu, na mjadala huo peke yake ulikula saa mbili. Mimi nilisema, na ningali nasema, kwamba mtoto anajua kusoma mapema zaidi katika lugha anayoombea maji ya kunywa. Kiingereza tutakifundisha vizuri kama somo. Tulipiga kura. Kiswahili kilishinda kwa kura nne, familia mbili zikajitoa, zikabaki 30.

Aliyefurahi kuliko wote ni mama mkwe. Yeye ni wa Usangi, huko milima ya Upare, wilaya ya Mwanga, na kwao kazi ya pamoja inaitwa msaragambo. Anasimulia kwamba baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu: kuzibua mfereji, kutengeneza ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba, kukata barabara, kusimamisha darasa. Azimio la Musoma la 1974 lilipotaka watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe wameingia darasani kufikia 1977, alikuwa miongoni mwa akina mama waliobeba mawe kutoka mtoni. Miaka ya 1980 nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno nchi nzima, na watu wa Kilimanjaro wakajenga za kwao kwa michango na kwa mikono. Mwisho wa muongo ule sekondari za binafsi nchini zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Huko nako alibeba mawe. Jioni moja tunachambua mchele aliniambia, "Ile ya sekondari, mwanangu, mawe tulibeba. Baadaye sikujua ufunguo wa darasa nikauombe kwa nani." Nilidhani ni masimulizi ya mtu mzima. Nikaendelea kuchambua.

Basi saruji ikaja. Mume wangu alitazama ilivyopangwa akakunja uso. Seremala anajua unyevu. Alisema saruji hailazwi sakafuni. Tandika mbao chini, acha nafasi ya mkono kati ya mifuko na ukuta, funika juu. Mbao alikuwa nazo. Kwa miaka mitatu alikuwa akiweka mninga kidogo kidogo kwa ajili ya milango ya vyumba vyetu, maana ndani tulikuwa bado tunatumia mapazia. Mimi nikamkatalia. Nikasema tusiharibu mbao nzuri kwa kazi ya wiki mbili, fundi anaanza kuchimba msingi Jumatatu ya pili, tuvumilie. Alitaka pia kujenga banda la muda uani, nalo nikalikataa kwa kuogopa wezi. Sikumshauri, nilimkatalia, mbele ya watoto. Naliandika hili kwa sababu ndilo kosa, na ni langu.

Fundi alifiwa, akaenda kwao Masasi. Wiki mbili zikawa tatu, kisha tano.

Mvua za Aprili mwaka ule wakazi wa Dar es Salaam wanazikumbuka. Zilijaza bonde la Jangwani hadi mabasi ya mwendokasi yakasimama. Huku kwetu zilikuja usiku. Nyumba yetu iko kwenye mteremko, na jirani wa juu alikuwa amechimba msingi wa ukuta, ule udongo ukateremka ukaziba mtaro, maji yakatafuta njia nyingine. Njia ikawa mlango wetu wa nyuma.

Saa nane za usiku nilishusha miguu kitandani nikakanyaga maji.

Sitasahau sauti ya mume wangu alipofika sebuleni na tochi ya simu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama watoto, saruji." Tukaanza kunyanyua. Mfuko wa kilo 50 unapokuwa mkavu, mtu mzima anaubeba begani. Ukilowa chini, karatasi inaachia, unabaki umeshika mfuko mtupu na uji wa kijivu unakumwagikia miguuni. Mifuko ya juu tuliilaza vitandani, juu ya mashuka, hapakuwa na mahali pengine. Watoto walisimama juu ya makochi chumbani kwa bibi yao wakiwa wamejifunika kanga moja watoto wanne. Mama mkwe, mgonjwa wa magoti, aliinama anachota maji kwa sahani ya bati na kumwaga dirishani, sahani baada ya sahani, mpaka adhana ya alfajiri. Hakusema neno.

Kulipokucha maji yalikuwa yameondoka, yameacha mstari wa tope ukutani juu kidogo ya kifundo cha mguu. Safu ya chini ya mifuko ilikuwa imezama, ya pili ilikuwa imenyonya. Hiyo ni mifuko 16. Wa 17 ulikuwa juu kabisa, chini ya tundu la msumari kwenye bati, umedondokewa usiku kucha mahali pamoja. Siku ile ya kwanza nilijipa moyo kwamba baadhi itapona. Nilibonyeza mfuko kwa kidole gumba: pembeni ulikuwa laini kama unga, katikati kidole kiligoma. Siku ya tatu ukigonga unalia kama jiwe. Mikono yangu ilikuwa imechubuka kwa saruji mbichi, nimeipaka mafuta ya nazi, na sikuweza kushika chaki. Watoto 28 walikuja wakaimba tu.

Hesabu nilifanya nyuma ya daftari la mahudhurio. Mifuko 17 kwa shilingi 15,000 ni shilingi 255,000. Usiku tukakaa watatu, mimi, mume wangu na mama yake. Mimi nilitaka nikope kwenye kikoba, ninunue mifuko 17, niipange pale pale, yaishe. Mume wangu alisema hapana haja: mvua ni ya Mungu, mtaa mzima umefurikiwa, hakuna atakayetudai. Mama mkwe alitusikiliza wote mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mkinunua kimya kimya, mmeiba mkarudisha. Mkisema ni mvua, mmeiba mkashukuru. Iteni watu waone."

Tuliwaita Jumapili baada ya ibada. Mume wangu na vijana wawili waliitoa ile mifuko migumu wakaipanga chini ya mwembe kama maiti, yote 17. Walikuja watu 26. Nilisimama nikaeleza: mbao nilizikataa mimi, banda nililikataa mimi, tutalipa sisi. Wengine walianza kunifariji, mwalimu usijali, ni kudra. Ndipo akainuka mama anayeuza vitumbua pale njia panda. Mchango wake wa shilingi 20,000 alikuwa ameuleta kwa sarafu za mia mbili na mia tano, kwenye kopo la maziwa. Alikwenda hadi kwenye mfuko wa kwanza, akaugonga kwa kifundo cha kidole.

"Mwalimu, hili jiwe la nani?"

"Letu. Tutalilipa."

"Na ile 23 iliyo nzima?"

"Yenu."

"Na kiwanja kitakapojengwa shule?"

Nikanyamaza. Mume wangu akasema, "Kiwanja ni changu."

Yule mama hakuwa na hasira hata kidogo. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei. "Sasa baba, saruji yetu ikishakauka kwenye ukuta wako, inakuwa ya nani?"

Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kuulizwa swali lililonisimamisha hivyo. Tulikuwa tumekusanya fedha za watu 30, tumechora madarasa kwenye karatasi, tumegombana juu ya lugha ya kufundishia kwa saa mbili, na hakuna aliyeuliza hilo. Mimi nilijua nina moyo safi na nikaona unatosha. Lakini mimi nikifa? Mume wangu akifa na ndugu wakaja kugawana mirathi? Tukiachana? Mwanangu mkubwa akikua akataka kujenga vyumba vya kupangisha? Mama wa vitumbua atashika karatasi gani mkononi ya kuonyesha kwamba ukuta ule una kopo lake la sarafu ndani? Nikakumbuka mama mkwe na ufunguo. Nilimtafuta kwa macho. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Mkutano uliahirishwa bila uamuzi, na nyumbani kwetu ikaanza kipindi kigumu kuliko mafuriko.

Kiwanja kile mume wangu alikinunua kwa miaka minne ya kutengeneza vitanda na madirisha. Alikuwa amekikusudia kiwe cha wanawe. Aliona kwamba nimeuleta mtaa mzima uani kwake kumuuliza mali yake ni ya nani, na mimi mkewe nimenyamaza. Kwa wiki mbili hakunisemesha. Chakula alikula karakana. Akitaka jambo alimtuma mtoto: "Mwambie mama yako mbao za watu zisiguswe." Kitandani tulilala migongo imegeukiana, na mifuko 23 ya saruji ikiwa imerudi sebuleni, safari hii juu ya mbao zake za mninga, ambazo alizitandika mwenyewe usiku bila kuniambia, na nafasi ya mkono imeachwa kati ya mifuko na ukuta.

Katikati ya ukimya ule, mzee mmoja jirani, mstaafu wa mahakama, alinieleza mambo ambayo ningepaswa kuyajua mwaka mmoja kabla. Shule ya binafsi lazima iwe na mmiliki anayetambuliwa na wizara, na ardhi iwe na nyaraka za mmiliki huyo. Mmiliki anaweza kuwa mtu mmoja, au kampuni, au taasisi. Watu wanaochangishana njia yao nzuri ni kuunda bodi ya wadhamini na kuisajili RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Bodi ikishasajiliwa inakuwa kama mtu: inaweza kumiliki ardhi, kufungua akaunti, kushitaki na kushitakiwa, na mdhamini mmoja akifa anateuliwa mwingine, mali inabaki pale pale. Aliniandikia hatua kwa hati nzuri ya zamani ya makarani, kwenye karatasi ya mistari. Ninayo mpaka leo.

Karatasi ile sikumpelekea mume wangu. Nilimpa mama yake.

Alikwenda nayo karakana akiwa na fimbo, akakaa juu ya benchi la kurandia. Yaliyosemwa huko nilisimuliwa na kijana anayejifunza kazi. Alimuuliza mwanawe, "Wewe ulijifunzia wapi kusoma?" Akamjibu, pale kijijini. "Mawe ya ukuta ule niliyabeba kichwani, na wewe tumboni. Kiwanja kilikuwa cha mzee mmoja wa ukoo mwingine kabisa." Kisha akanyamaza, na mume wangu akaendelea kuranda, na mama akaendelea kukaa. Kijana anasema walikaa hivyo mpaka ubao ukaisha.

Jioni ile alikula nyumbani. Alisema ameamua hivi: nusu ya kiwanja ataiuza kwa wadhamini kwa bei ile ile aliyonunulia, walipe kidogo kidogo kwa miaka mitano, nusu nyingine inabaki ya wanawe. Nilimuunga mkono kwa moyo wote. Wapo waliosema mtaani kwamba mtu mwema angetoa bure, na mimi nawapinga. Anayetoa bure leo, kesho wanawe wanadai. Kilichouzwa kwa mkataba, mbele ya mashahidi na serikali ya mtaa, kimeuzwa.

Deni la saruji tulilipa kabla ya wadhamini kukutana mara ya kwanza. Makochi tuliyauza kwa shilingi 180,000, na 75,000 zikatoka kwenye hisa zangu za kikoba. Mkutano ulimchagua mama wa vitumbua kuwa mweka hazina, kwa kura zote. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika daftarini mifuko 17 mipya iliyopokelewa. Ya pili, aliuliza mawe yale yanakwenda wapi, maana yalikuwa bado chini ya mwembe na watoto wanayapanda. Vijana waliyavunja kwa nyundo, yakawa kifusi chini ya sakafu ya darasa la kwanza. Aliandika na hilo pia: vipande vya mifuko 17, mali ya mwalimu na mumewe, vimetolewa bure.

Tofali tulifyatua wenyewe, Jumamosi hadi Jumamosi. Fundi alikuwa amerudi kutoka Masasi na ndiye aliyetuongoza: mfuko mmoja kwa toroli tano za mchanga, changanya ukiwa mkavu mpaka rangi iwe moja, ndipo maji, tena kidogo, ukifinyanga mkononi ubaki na alama za vidole bila kuchuruzika. Kila mfuko ulitoa tofali 35 za inchi tano. Kwa siku saba tulizimwagilia asubuhi na jioni, na zamu ya kumwagilia ilikuwa ya watoto wakubwa. Mama mkwe alipika makande ya Kipare kwa watu 40, akaketi penye kivuli akihesabu tofali kwa kijiti kwenye mchanga. Hesabu yake na ya mweka hazina haikuwahi kupishana.

Mume wangu, bila kuombwa na mtu, aligeuza ule mninga wa milango kuwa madawati. Vyumba vyetu vina mapazia mpaka leo.

Njia ya usajili ilikuwa ndefu: bodi kusajiliwa, kiwanja kupimwa upya, mmiliki na meneja kuthibitishwa, michoro, bwana afya na vyoo vyake, wathibiti ubora kupita kila chumba na futi ya kupimia. Katika ofisi moja jalada letu lilipotea tukaanza upya. Hayo yalichukua zaidi ya miaka miwili, na sitayasimulia. Januari 2021 tulifungua mlango kwa darasa la awali lenye watoto 25, wala hatukuongeza wa 26 ingawa mama yake alilia mbele yangu, na darasa la kwanza lenye watoto 30. Ada inalipwa kwa awamu nne. Mzazi aliyekwama anafanya kazi ya shule, na saa zake zinaandikwa daftarini kama fedha.

Wananijia watu sasa kutoka Msongola, kutoka Pugu, kutoka ng'ambo ya Kisarawe, wanataka kuanza za kwao. Wananiuliza kuhusu vitabu, walimu, uji. Nawauliza kwanza kiwanja ni cha nani na imeandikwa wapi. Wengine hawarudi. Wanaorudi wanakuja na karatasi, na hao nakaa nao mpaka jioni.

Mama mkwe alifariki mwaka wa pili wa shule. Tulimpeleka Usangi, na watoto wa darasa la awali walimchorea sufuria ya uji tukaiweka ndani ya jeneza.

Sasa tumefika darasa la tano. La sita linahitajika Januari. Tunafyatua tofali kila Jumamosi kuanzia saa moja asubuhi. Aliye jirani na ana koleo, aje nalo. Saruji iko stoo, juu ya mbao, na daftari liko kwa mama wa vitumbua.